Karafuu ya Ishirini na Nne

Ndege ya Alhamisi ilimshusha Haroub Riyadh saa mbili asubuhi, na mpaka saa tatu unusu teksi ilikuwa bado inamzungusha kwenye vumbi, maana barabara aliyoijua mwaka jana, mwaka huu imechimbwa yote. Kila ukigeuka winchi, kila ukigeuka saruji. Wenye nchi walikuwa na mafuta na walikuwa na haraka. Haroub alikuwa na haraka pia, ila yake haikuwa ya raha. Mapajani aliukumbatia mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na vitu viwili tu vya maana: jarida moja la kusuka lesi la mwaka 1911, na fomu ya ripoti ambayo nafasi ya jina la mwizi ilikwisha kujazwa kwa penseli.

Jina lililojazwa lilikuwa Mashavu binti Kombo.

Haroub si polisi tena. Alikuwa mpelelezi Unguja, kituo cha Malindi, mpaka mwaka 1964 ulipomtupa Jeddah na sanduku moja na suruali mbili. Siku hizi ni mkaguzi wa hasara wa kampuni ya bima: kikiungua anaitwa, kikivunjika anaitwa, kikiibiwa anaitwa, kisha anajaza fomu. Na fomu zimemtia tabia moja mbaya. Jina analiandika kwanza, ushahidi anautafuta baadaye. Mara nyingi humtokea sawa, ndiyo maana tabia haijamtoka.

Kisa chenyewe ukikisikia utacheka, mpaka ukifikie mwisho. Madam Inaam, mjane wa mtaa wa Aziziya kule Jeddah, tangu usichana wake akikusanya majarida ya kizamani ya kina bibi wa Ulaya, yale yanayofundisha kusuka lesi ya vifundo kwa kidude cha pembe kilicho kama kokwa ya tende. Alikuwa nayo zaidi ya mia nne. Aliyeyapanga na kuyaandikia kadi moja moja, kwa miaka kumi na moja, ni mtumishi wake Bi Mashavu, Mzanzibari mwenziwe Haroub, mtu mzima wa miaka sitini. Sasa mtoto wa madam, Talal, akatoa ahadi kwa Sheikh Mutlaq wa Riyadh kwamba atamtunukia seti iliyo bora kuliko zote, majarida ishirini na manne, ayaweke kwenye maktaba yake mpya. Jeddah sanduku lilifungwa na ishirini na manne. Kwenye maktaba ya Riyadh likahesabiwa na kuonekana ishirini na matatu. Talal akarudi Jeddah na aibu yake, akapekua vyumba vya watumishi, na jarida la saba likatoka chini ya godoro la Bi Mashavu.

Talal ndiye kafili wake Bi Mashavu, mdhamini wa ikama yake, kibali cha kuishi nchini. Alikwisha kusema: Jumamosi ofisi zikifunguliwa tu, anampeleka kugongewa muhuri wa kutoka, na jioni yumo ndegeni. Aende wapi, maskini? Unguja hana hata mlango wa kubisha. Binti yake wa pekee yuko Ruwais, humo humo Jeddah, ana mimba ya miezi minane. Kilichobaki ni ripoti, ambayo Talal alitaka kumwonyesha Sheikh ili ajue kosa ni la mtumishi.

"Jina, sahihi, halas," Talal alimwambia Haroub Jumatano, pale Aziziya. "Ijumaa baada ya sala nakungoja."

Haroub angeweza kusaini papo hapo. Lakini kulikuwa na jambo linamwasha. Mwizi gani anaiba jarida, kisha analiweka chini ya godoro lake mwenyewe na kulilalia? Kwa hiyo akapanda ndege.

Maktaba ya Sheikh ilikuwa ukumbi mkubwa unaonuka rangi mpya, rafu tupu mpaka darini. Mtunzaji wake, Pius Kaijage, kijana wa Bukoba aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili, alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sanduku lilikufikia lini?"

"Jumapili, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Niliandika."

"Riyadh lilifika lini?"

"Jumamosi mchana, na gari. Talal na mama yake walikuja kwa ndege siku hiyo hiyo. Lakini usiku ule sanduku lililala upande wa akina mama, walitaka kuyatazama. Upande ule mimi sifiki, mzee. Hata jiko la nyumba hii sijawahi kuliona."

"Na Talal?"

"Naye hakufika. Alikuwa na Sheikh na wanaume wenzake mpaka alfajiri."

"Kwa hiyo nani alikuwa na sanduku?"

"Mke wa Sheikh na mgeni wake, madam wa Jeddah. Watumishi waliambiwa wakae mbali, mikono yao ina mafuta."

Haroub aliandika. Kisha akaomba kuona kamba iliyofungia sanduku, bila ya tumaini, kwani nani anaweka kamba? Pius akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha yenye tarehe, na ndani yake kamba imekunjwa vizuri.

"Kinachotoka ndani ya sanduku mimi sikitupi," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Haroub aliinyoosha ile kamba mezani. Ilikuwa imekatika na kuungwa. Ncha moja ilikuwa na vifundo vidogo vidogo, vya mtu aliyezoea uzi. Ncha ya pili ilikuwa na fundo kubwa la kufungia mizigo ya lori.

"Dereva yuko wapi?"

"Wafula? Yuko hapa hapa, tangu Jumamosi hajaondoka."

Wafula aliitwa. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, dereva wa Talal, mwili mkubwa na sauti ndogo. Alipoiona kamba mezani, jasho lilimtoka, na ukumbi ule ulikuwa na baridi ya mashine.

"Fundo hili la nani?" Haroub aliuliza.

"Mzee, mimi siko na shida na hizo magazine. Haki ya Mungu."

"Sikukuuliza shida. Nimekuuliza fundo."

"Ni yangu." Wafula alijipangusa uso. "Ngamia iliingia barabara, nikakanyaga breki, hiyo boksi ikaruka ikaanguka. Kamba ikakatika. Nikafunga tena. Sikufungua ndani, mzee. Ndani iko picha za wanawake shingo wazi, nikamatwe nayo mimi niseme nini?"

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Nimwambie nimeangusha zawadi ya Sheikh? Si angenirudisha nyumbani siku hiyo hiyo?"

Haroub alitamani sana Wafula awe ndiye mwizi, na alijijua kwamba anatamani, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Mpelelezi akishaanza kutamani, anaona asiyoyaona.

"Gari liko wapi?"

"Gereji, Batha. Giaboksi imekufa tangu Jumapili." Wafula alitoa risiti mfukoni, imelowa jasho. "Wameniambia kesho kutwa."

Risiti ilikuwa na tarehe na muhuri. Pius alipiga simu gereji, na huko wakasema ndiyo, gari lipo juu ya mawe, na dereva huja kila siku kuwasumbua. Kwa hiyo Wafula hajatoka Riyadh, na jarida limeonekana Jeddah Jumanne. Hata kama angeliiba, angelitia chini ya godoro la Aziziya kwa miguu ipi? Haroub alimruhusu aende. Wafula akaondoka akishukuru mara nne.

Basi tumerudi kwa Bi Mashavu, Haroub aliwaza. Kama jarida halikutiwa sandukuni Jeddah, hapana mwizi mwengine ila yeye. Aliitazama saa yake. Ndege ya kurudi ilikuwa ya saa kumi.

"Mzee," Pius alisema, "kuna jambo nilitaka kuuliza, lakini naona aibu. Huenda ni mambo ya dini."

"Uliza."

Pius alifungua tena mtoto wa meza, akatoa kopo la sigara. "Vijiti hivi ni dawa? Nilivikuta katikati ya majarida. Vingine vimeacha doa."

Akafungua kifuniko. Haroub hakuhitaji kutazama, harufu ilimfikia kwanza. Ilikuwa harufu ya kasha la nguo la mama yake, ya shuka za Idi, ya nyumba nzima waliyoiacha Malindi.

"Karafuu, bwana wee! Nyinyi Bukoba hamzijui karafuu?"

"Nazijua kwenye pilau, mzee. Kwenye karatasi sijapata kuziona."

Hapo Haroub alijipiga kofi la paja. Jumatano alisimama chumbani kwa Bi Mashavu nusu saa nzima, na chumba kizima kilikuwa kinanukia karafuu. Angelisikia marashi ya Kizungu angeliyaandika. Karafuu hakuiandika, kwa sababu kwake yeye chumba cha mama wa Kizanzibari kunukia karafuu si habari. Zipo kila kasha, zinafukuza wadudu, nani wa kuziuliza?

"Zilikaaje? Niambie kama ulivyoziona."

"Kila jarida moja, ukurasa wa katikati, penye pini. Nilizitoa ishirini na tatu. Nyingine moja ilikuwa imelala chini ya sanduku peke yake."

"Jumla?"

"Ishirini na nne. Niliandika."

Haroub alifungua mkoba, akalitoa jarida la saba. Akalifungua katikati. Penye pini palikuwa na doa la hudhurungi ambalo Jumatano alidhani ni chai. Akachukua karafuu moja akailaza juu yake. Kichwa kilikaa penye kichwa, na mkia ukakaa penye mkia. Pius alileta majarida mengine matatu, na yote yalikuwa na doa lile lile, mahali pale pale.

"Kadi yake ikoje?"

Pius alizitoa kadi. Zilikuwa kwa Kiswahili, mwandiko mdogo ulionyooka. "Humu nyumbani ni mimi peke yangu ninayeweza kuzisoma," alisema, na alionekana kulifurahia hilo. Kadi ya saba ilisema: *Jalada zima. Mifano sita. Ukurasa wa kumi na moja, kola ya bibi harusi, una alama za penseli za madam mwenyewe, za usichana wake.*

Haroub alifungua ukurasa wa kumi na moja. Alama zilikuwepo, vijistari vidogo pembeni mwa kila mstari, vya mtu aliyekuwa anahesabu vifundo asipotee. Alivitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Simu ya Jeddah ilichukua muda kupatikana. Bi Mashavu aliipokea jikoni.

"Shikamoo, Bi Mashavu. Haroub hapa, niko Riyadh. Karafuu ulizitia lini?"

"Karafuu zipi tena, mwanangu?"

"Za kwenye majarida."

"Siku ya kulifunga sanduku, wiki mbili kabla ya safari. Kabatini madam hataki, anasema zinampigisha chafya."

"La saba nalo ulilitia?"

"Yote nilitia. Kwa mkono wangu. Nikalifunga, na Talal akalichukua chumbani kwake siku ile ile."

"Lahaula! Mbona Jumatano hukuniambia?"

"Kwani karafuu nalo ni neno la kuambiana?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mkoba nimeshaufunga. Niufungue?"

Haroub alifumba macho. "Usiufungue bado," alisema.

Alipoweka simu, Pius alikuwa anamtazama, na uso wake umebadilika rangi. Kijana hakuwa mjinga. Jarida lilisafiri, lilifika, na karafuu yake ilianguka humu humu ndani ya jumba la Sheikh. Mke wa Sheikh hajatoka Riyadh. Wafula hajatoka, Pius hajatoka. Waliorudi Jeddah ni wawili, na mmoja wao usiku ule hakukaribia sanduku.

"Mzee," Pius alisema taratibu, "utaliandika hilo? Na ikama yako iko kwa nani?"

Kafili wa Haroub alikuwa anakunywa kahawa na Talal kila Jumatatu. Alitoa raba mfukoni, akalifuta jina la Bi Mashavu kwenye fomu, akafuta, akafuta tena, mpaka karatasi ikachakaa na penseli ikaacha kivuli tu. Nafasi ile akaiacha tupu.

Ijumaa, baada ya sala, majlisi ya Aziziya ilikuwa imetandikwa mazulia mapya. Talal alikaa na kalamu ya wino mbele yake, tayari. Mlango wa ndani ulikuwa wazi nusu, na nyuma yake, kwa heshima ya nyumba, alikaa Madam Inaam. Haroub aliweza kuona mikono yake tu. Mikono ya kizee, yenye pete moja, na kile kidude cha pembe kinapita na kurudi katikati ya uzi: tik, tik, tik.

"Umechelewa," Talal alisema. "Yalla. Leta nitazame."

Haroub aliweka mezani jarida la saba, kisha akafungua kopo na kuzipanga karafuu, nne nne, safu sita. Talal alicheka.

"Umekuja kunipikia?"

"Nimekuja kukuhesabia, bosi. Mashavu alitia karafuu moja kwa kila jarida siku aliyofunga sanduku, si kabla, na siku ile ile ukalichukua chumbani kwako. Hizi zilitoka sandukuni, Riyadh. Ngapi?"

"Ishirini na nne. Na iwe nini?"

"Majarida yaliyofika maktaba ni ishirini na matatu. Na hili la chini ya godoro lina doa la karafuu. Tazama. Kwa hiyo lilikuwemo sandukuni, na likafika Riyadh. Mashavu miezi hii hajatoka hata Jeddah."

Talal aliacha kucheka. "Basi ni dereva. Wafula."

"Wafula yuko Riyadh mpaka leo, gari liko gereji. Risiti hii hapa. Jarida limeonekana hapa Jumanne."

"Yule mtunzaji!"

"Hajatoka Riyadh. Karafuu ya ishirini na nne ilikuwa chini ya sanduku, peke yake. Aliyelifungua jarida la saba, karafuu ilimwanguka, hakuijua ni nini. Hilo lilikuwa usiku wa Jumamosi, kabla mtunzaji hajalipokea."

Tik, tik. Kisha mlio ukakoma.

Haroub hakugeuka kuutazama mlango. Jasho lilimchuruzika ndani ya kanzu, na alijisemea moyoni kwamba na yeye ana watoto wanne na ikama moja.

Talal alikuwa amewiva uso. "Usiku wa Jumamosi sanduku lilikuwa upande wa wanawake. Unajua unachokisema, ya Haroub?"

"Sijataja mtu."

"Basi taja! Taja ninayekuambia!" Aliisukuma fomu na kalamu mpaka zikagota mkono wa Haroub. "Andika Mashavu. Tia sahihi. Ama kesho kutwa na wewe unafuata ndege yake, nitazungumza na kafili wako mimi mwenyewe."

Haroub aliishika kalamu. Aliitazama ile nafasi iliyochakaa.

"Siandiki," alisema, akailaza kalamu juu ya karafuu. "Mafi, hakuna. Mtafute mwengine wa kuandika."

Kisha, kutoka nyuma ya mlango, mkono ule wa pete ulitoka na kukiweka kile kidude cha pembe sakafuni, juu ya kizingiti.

"Andika mimi," sauti ilisema.

"Mama!"

"Niandike mimi, Inaam binti Yahya. Kola yangu ya harusi niliisuka kwa jarida lile, nina miaka kumi na mitano, na wewe ukalitoa kwa watu usiniulize." Mkono ukaigeuza ile pete. "Ulipoanza kupekua nikaogopa, nikalitia chini ya godoro la Mashavu. Ningeonekana mwizi wa zawadi ya mwanangu. Nilidhani Mashavu atakemewa tu, yaishe. Ukaanza mambo ya ndege. Kila siku nikasema kesho nitasema."

Hasira ilimtoka Talal, ikabaki aibu, na aibu alikuwa haijui aiweke wapi. Hakumtazama Haroub tena.

"Ikama ya Mashavu iko kwenye mtoto wa meza yangu," madam alisema. "Mpe. Na asiende popote. Nitafanya nini mimi bila yeye, nani atazijua zile kadi?"

Haroub alimkuta Bi Mashavu jikoni, amekaa juu ya mkoba wake, mtandio umefungwa wa safari. Alimkabidhi ile ikama kwa mikono miwili. Alitazamia vigelegele, au machozi, au angalau alhamdulillahi. Bi Mashavu aliigeuza, akaitazama picha yake, akaitia kifuani.

"Amesema mwenyewe?"

Haroub alishtuka. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumanne. Gazeti lilikuwa limefungwa kwenye foronya ya kitandani kwa madam. Foronya zile nazifua mimi, nazipiga pasi mimi. Talal aliitupa chini, mimi ndiye niliyeiokota."

"Bi Mashavu, wallahi umeniua! Nimekwenda Riyadh, nimerudi, nimekonda. Jumatano nilikuuliza mara tatu unamshuku nani. Kwa nini hukuniambia?"

Bi Mashavu alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Jumatano nilikuletea kahawa, mwanangu. Karatasi yako ilikuwa wazi mezani. Mimi miaka kumi na moja nasoma majina ya magazeti ya Kizungu, jina langu mwenyewe litanishinda?" Aliinuka polepole, akishika goti. "Nikaona nimeshaandikwa. Nikaenda kufunga mkoba."

Ndani, sauti ya madam iliita, "Mashavu!" na baada ya kitambo ikaita tena, chini zaidi.

Bi Mashavu alisimama akisikiliza, mkono umeshika mlango. Kisha akauinua mkoba wake.

"Gari lako linapita Ruwais, kwa binti yangu?"

Ruwais ilikuwa kando kabisa na njia yake.

"Linapita," Haroub alisema, akampokea mkoba.